Tanki la Salome

Mtani wangu amekufa, na mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kumcheka. Kulwa, binti yake, alinipigia simu juzi asubuhi nikiwa jikoni na kikombe cha chai mkononi, nimesimama, maana mimi chai nainywa nimesimama. "Anti," akasema, "baba ametutoka. Tunazika kesho, hapa hapa Mazimbu. Mama anasema watani mwambiane." Nikasema poleni, nikauliza aliugua nini, nikauliza mama anaendeleaje, nikauliza na mengine ambayo hata majibu yake sikuyasikia, kisha nikakata simu na kuanza kuzunguka nyumba. Nilifungua kabati la nguo nikalifunga. Nikatoka uani, nikarudi. Sisi Waluguru na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara ya miguu, na Mnyamwezi akifia mjini Morogoro, sisi ndio tunaoingia msibani kwa kelele, tunavaa koti la marehemu, tunaiga mwendo wake, tunazuia jeneza mlangoni mpaka tupewe kuku. Hilo nalijua tangu utoto. Nililokuwa silijui ni kama mimi, kwa mzee Maganga, bado nilikuwa mtani. Mara ya mwisho kunitania nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na tangu hapo hadi anakufa alinisemesha kwa adabu, kama mtu anayezungumza na karani wa benki.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nina cheti cha umeme na vyombo vya kupimia, na nina haraka ya kila kitu. Kulikuwa na mradi uliochunguza maji ya bwawa la Mindu, lile linalonywesha mji, na mradi huo ukanichukua kwa sababu ya boti. Boti yenyewe iliitwa Salome. Ilikuwa ya chuma, kongwe kuliko mtu yeyote niliyemjua, na ilitumika miaka mingi kwenye mto Kilombero kubeba wagonjwa na magunia ya chumvi ya wamisionari, mpaka ikaachwa chini ya banda la mabati na kusahauliwa. Watu wa mambo ya kale walipoikumbuka ikaletwa kwa lori, ikapakwa rangi ya kijani, injini yake ikafufuliwa, na mradi ukaruhusiwa kuitumia kuchotea sampuli za maji kwa sharti moja tu: isitobolewe, isichomelewe, na ribiti, zile pini za chuma zinazoshika mabati yake, hata moja isiguswe. Wasafiri wa barabara ya Iringa walikuwa wakisimamisha magari kuitazama. Ikikatiza bwawani na moshi wake mweusi, milima ya Uluguru ikiwa nyuma yake, ilipendeza, sikatai, lakini mimi sikuajiriwa kuitazama. Niliajiriwa ili ijulikane ina dizeli kiasi gani tumboni.

Ungedhani hilo si jambo la kumtafutia mtu kazi. Chovya kijiti, chomoa, tazama. Lakini tanki la Salome lilikuwa sehemu ya boti yenyewe, sanduku refu la chuma, jembamba, lililolala chini ya benchi kutoka karibu na mbele mpaka karibu na nyuma, na mdomo wake wa kujazia ulikuwa umepinda kiasi kwamba kijiti hakikufika popote. Kipimo cha zamani kilivunjika kabla sijazaliwa. Mwendesha boti, ndiye huyo mzee Maganga, alipima kwa kugonga. Palikuwa na mahali pamoja tu, upande wa mbele, ambapo ubao wa benchi ulifunguka na chuma cha tanki kikaonekana. Alikuwa akipiga magoti pale, anagonga kwa mpini wa bisibisi kutoka juu kwenda chini, huku amefumba macho. Sauti inalia wazi, inalia wazi, kisha inazibika, na pale ilipozibika anachora mstari wa chaki. Ijumaa jioni, kazi ya wiki ikiisha, alichora mstari mbele ya msimamizi wetu, Bwana Kamala. Jumatatu asubuhi walichora tena pamoja. Na karibu kila Jumatatu mstari ulikuwa umeshuka chini ya ule wa Ijumaa, wakati boti ilikuwa imelala ikielea bandani kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni kwa mzee Maganga.

Bwana Kamala hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilimwita majina mengine. Alikuwa mtaratibu, mkimya, anakunywa chai bila sukari na kupiga pasi hata fulana, na hofu yake ya kwanza haikuwa wizi. Hofu yake ilikuwa kwamba tanki linavuja na dizeli inaingia kwenye maji wanayokunywa watu wa mji mzima. Alizunguka ile boti kwa mtumbwi asubuhi baada ya asubuhi akitafuta rangi za mafuta juu ya maji. Hakuziona. Alipolala kifudifudi kukagua chini ya sakafu, nako kulikuwa kukavu. Kama haivuji, basi inachukuliwa, na kama inachukuliwa, anayo nani? Hapo ndipo mzee Maganga alipojiharibia mwenyewe, au tuseme ndipo sisi sote tulipomharibia, maana tulicheka. Jumatatu moja, mstari umeshuka, Bwana Kamala ameshika kiuno, mimi nikasema kwa sauti, "Hawa Wanyamwezi bwana, ukiwapa kulinda kisima watakunywa na ndoo." Na mzee Maganga, bila kuinua kichwa, akajibu, "Dizeli ya Waluguru nimekunywa mimi. Nimeikuta tamu, ina ladha ya ndizi. Iliyobaki nimeuza, nimekutolea mahari, maana naona kwenu hakuna anayekutaka." Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu karibu nao wakacheka. Bwana Kamala, ambaye kwao mbali huko hawakuwa na mtani wa namna hii, hakucheka. Alimtazama mzee Maganga, akanitazama mimi, akaenda zake kwenye gari.

Nilimfuata nikamweleza. Nilimwambia huu ni utani, bosi, huyu akisema ameiba ni sawa na mwingine akisema habari za asubuhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekuelewa. Lakini na wewe nielewe. Mafuta yanapungua, ufunguo anao yeye, na mwenyewe anasema ameyauza. Mimi nikiulizwa na wakubwa niseme nini, kwamba alikuwa anatania?" Nilimwambia tu kwamba kile kihisi kilichoagizwa, kifaa cha kupimia mafuta bila kufungua tanki, kikifika, kitasema ukweli. Nilijiamini kupita kiasi.

Nilikuwa mpangaji wa mzee Maganga mwenyewe. Chumba changu kilikuwa uani, upande wa Mazimbu, kuta zake hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa katika chumba cha jirani kilinifikia chote, na chumba cha jirani kilikuwa chake na mkewe. Kulikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, ndoo mbili, kamba ya nguo, na dirisha ambalo mzee aliliziba kwa kipande cha kreti ya bia akiahidi kulitengeneza Jumamosi, bila kusema ya mwaka gani. Mke wake, Mama Kulwa, alikataa katakata nijipikie. Tulikula wote kwenye mkeka, ugali na perege wa bwawani, au mchicha wa nazi, na siku za mwanzo wa mwezi nyama. Na pale mkekani ndipo utani ulipokuwa mkali. Nilipofika mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akauliza kabila langu, nikasema Mluguru wa Kinole. Akaweka tonge chini. "Mama Kulwa," akaita, "mtumwa wetu aliyepotea amerudi! Mpe maji ya kuoga, kisha umwonyeshe shamba." Tangu siku hiyo sikumwamkia tena. Nikirudi kazini namwuliza mzigo wa bwana wake ameufikisha wapi, maana Wanyamwezi ni wapagazi; naye ananiuliza nimeshuka na mikungu mingapi ya ndizi kutoka mlimani. Akikuta kipande cha samaki kwenye bakuli langu anakichukua bila kuomba. Mimi nilivaa kofia yake siku nzima na hakuwa na la kufanya. Sijawahi kula kwa raha kama nilivyokula mwaka ule, mimi ambaye nikiwekewa chakula hutazama mlango.

Kihisi kilipofika kilikuwa kitu cha duara, ukubwa wa kifuniko cha soda, na waya unaokwenda kwenye kioo kidogo cha namba. Unakibandika kwenye chuma kwa nje, chini ya tanki. Kinatuma mlio ambao binadamu hausikii. Mlio unapanda ndani ya dizeli, unagonga uso wake, unarudi, na kwa muda uliotumia kwenda na kurudi kioo kinakuonyesha mafuta yamesimama wapi. Hakuna tundu wala moto, na ribiti za wamisionari zinabaki salama. Shida ni kwamba baina ya kihisi na chuma pasiwe na hewa hata chembe, lazima upake jeli, na bomba la jeli lililokuja nacho lilikuwa limekauka likawa gumu. Kuagiza jingine ni kusubiri, na mimi kusubiri sijui. Nilipekua jikoni kwa Mama Kulwa. Nilijaribu mafuta ya kupikia, yakachuruzika. Nilijaribu mafuta ya mgando, yakaleta namba za ajabu. Mwishowe nikaona sufuria ya mlenda uliobaki mchana, unavutika vizuri, nikachota kwenye kikombe nikaenda nao bwawani. Namba zikatulia papo hapo. Mzee Maganga alisimama juu yangu, mikono kiunoni, machozi ya kicheko yakimtoka. "Nimefanya kazi kwenye meli za Kigoma mpaka nimeota mvi," akasema, "sijaona chombo kinalishwa mlenda. Waluguru mmezidi. Kesho mtakitafutia na ugali." Nilimwambia anyamaze, kwamba kidude hiki ndicho kitakachomtoa kwenye midomo ya watu. "Kinitoe?" akauliza. "Mimi nimeingia wapi?" Nilidhani anaendelea na utani wake, nikaendelea kufunga waya.

Jeli nzuri ilipopatikana nilibandika kihisi kwa uhakika, pale pale mbele kwenye ubao unaofunguka, kwa sababu kwingine kote mkono haukufika. Ijumaa nikaandika namba. Jumamosi na Jumapili sikutulia. Nilifua nguo safi, nilikwenda sokoni Mawenzi bila haja ya kununua kitu, nilimgombeza Kulwa, wakati huo mtoto mdogo, kwa kosa ambalo silikumbuki. Jumatatu nilifika bwawani kabla ya wote, nikawasha kioo. Namba ilikuwa imeshuka. Nikazima, nikawasha tena. Nikafuta chuma, nikapaka jeli upya, nikabonyeza kwa kidole gumba mpaka kikauma. Imeshuka, tena kwa kiasi kile kile ambacho chaki ilisema. Mzee Maganga alikuwa amekaa nyuma kabisa akifungua mfuniko wa injini, anapiga mluzi. Bwana Kamala alikuja, akainama, akasoma mwenyewe, akaniuliza kama kifaa ni kizima. Nikasema ni kizima. Ningesema nini? Kilikuwa kizima. Alimwita mzee pembeni, chini ya mkuyu, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba asimame kazi mpaka uchunguzi ukamilike, na akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Mzee Maganga alivua kamba shingoni, akampa. Kisha akatembea kuelekea barabarani bila kunitazama, na mluzi wake haukuendelea.

Jioni ile magharibi ilinikuta chumbani, sijawasha taa. Nilimsikia Mama Kulwa upande wa pili wa ukuta. "Si umwambie yule bwana kwamba mlikuwa mnataniana? Nenda kesho, vaa shati zuri, mwambie." Kisha sauti ya mzee, ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo: "Nimweleze nini? Kama ni yule bwana, yule ni mgeni, simlaumu. Huyu binti anakula chungu kimoja na sisi. Ameweka kidude chake, kimesema. Basi, kimesema." Mama Kulwa akasema, "Naye atafanyaje, ni kazi yake." Akajibu, "Ndiyo. Ni kazi yake." Muda mfupi baadaye Kulwa alibisha mlango wangu akiwa na sahani iliyofunikwa. Mama Kulwa alikuwa ameniwekea kipande cha mgongo, kile kizuri, na hakuna aliyenikaribisha mkekani. Nilikula peke yangu kitandani. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni hasira na nani. Nilikasirika naye kwa kuropoka mbele ya bosi, nikakasirika na bosi, nikakasirika na kidude, na zaidi nilikasirika kwa sababu sehemu ya moyo wangu ilikuwa imeanza kuuliza: je, kama kweli?

Wiki ile Salome haikutoka, haina mtu wa kuiendesha. Mimi nilikwenda kila siku kwa sababu nyumbani hapakukalika. Watu wanadhani fundi hugundua mambo kwa kufikiri. Mimi niligundua kwa kushindwa kukaa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, nina mahindi ya kuchoma mkononi, kioo cha namba magotini. Mawazo yakanichemka, nikainuka, nikatembea mpaka nyuma kwenye injini, nikageuka, nikarudi. Nilipokaribia nikaona namba kwenye kioo nilichokiacha benchini inapanda kidogo kidogo. Nikalaani, nikidhani kifaa kimeharibika. Nikainuka tena, nikaenda nyuma kwa hasira, na safari hii nikabeba kioo kwa waya wake mrefu. Nilivyokuwa nikienda, namba ikawa inashuka. Nikasimama. Nikarudi mbele taratibu. Ikapanda. Nikaenda nyuma. Ikashuka. Nilitembea kwenye ile boti mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka mvuvi mmoja akaniita kutoka ufukoni, "Dada, umepoteza nini?" Nikamjibu sijapoteza, nimepata, na hindi langu likaanguka majini.

Ilikuwa ni hivi. Tanki ni refu na jembamba, na dizeli ni maji kama maji mengine: boti ikiinama nyuma, dizeli inakimbilia nyuma, na mbele panapungua. Ijumaa tulipima kabla ya kushusha mizigo, wakati masanduku ya sampuli, barafu, betri na nanga vyote vimerundikwa mbele, na pua ya Salome imelala chini. Kisha tunashusha, tunafunga, tunakwenda nyumbani, na boti inainua pua yake siku zote mbili. Jumatatu tunapima kabla ya kupakia. Kila Jumatatu Bwana Kamala aliagiza madumu ya kufidia kilichoibwa, na Ijumaa alishangaa jinsi injini kuukuu inavyokula kidogo, hata akaisifu kwenye ripoti. Injini ilisifiwa kwa kula kidogo na mtu akashutumiwa kwa kuiba, na vyote viwili vilikuwa jambo moja. Hata mzee Maganga mwenyewe hakulijua hilo. Yeye alikuwa akimshuku mlinzi wa bandani, maskini ya Mungu, na alikuwa ameacha kumpa sigara.

Nilimleta Bwana Kamala siku hiyo hiyo. Sikumweleza kitu, nilimwambia abebe masanduku ayaweke mbele kwa mikono yake, na fulana yake iliyopigwa pasi ikaloa jasho. Kila alipotua sanduku nilimwonyesha kioo. Lilipoingia la mwisho, namba ilikuwa imesimama pale pale ilipokuwa Ijumaa, na hakuna tone lililoongezwa. Alikaa kwenye benchi akajifuta uso. "Mungu wangu," akasema, "nimemfukuza mtu kwa ajili ya boti kuinama." Hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe Mazimbu jioni, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani, akaomba radhi mbele ya mke na watoto, maneno yamenyooka, bila kujitetea. Nilimpenda siku hiyo. Mzee Maganga alimsikiliza, akamwambia yamekwisha, akamkaribisha chai. Ufunguo ukarudi shingoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba changu, nasubiri kwa furaha aniangushie tusi, aniambie Mluguru leo umefanya kazi ya kiume, atambe, aniite mtumwa wake aliyemkomboa. Alinyanyua macho akasema, "Ahsante sana, fundi."

Asubuhi nilimkuta uani akipiga mswaki. Nikamrushia la kwanza: "We mpagazi, leo unabeba nini?" Akasukutua, akatema maji, akasema, "Habari za asubuhi, fundi. Umeamkaje?" Nikadhani ananichezea. Jioni mkekani nilichukua samaki wake, kipande chote, nikala nikimtazama usoni. Akasogeza bakuli karibu nami ili nipate na mchuzi. Kulwa alicheka peke yake, kisha akatutazama mmoja mmoja. Ikawa hivyo siku zote zilizofuata. Hakunikasirikia, hakuninunia, hakunipandishia kodi. Alinistahi tu. Mtu asiyejua utani hawezi kuelewa ni adhabu gani hiyo, kustahiwa na mtani wako. Mwishowe nikashindwa, na siku moja tukiwa wawili botini, yeye anamimina dumu mimi nimeshika faneli, nikamuuliza nimemkosea nini, maana mimi ndiye niliyemsafisha jina. Akaendelea kumimina mpaka dumu likaisha.

"Hujanikosea," akasema. "Kidude kilisema mimi mwizi, ukaamini. Kikasema mimi si mwizi, ukaamini. Umefanya kazi yako sawasawa. Lakini mimi mwenyewe, fundi, uliniuliza lini?"

"Ningekuuliza ungenijibu nini?" nikapandisha sauti. "Ungesema umeinywa! Ungesema ina ladha ya ndizi!"

"Ningesema hivyo," akakubali. "Halafu ungecheka, tungekwenda kula."

Niliona ni uonevu, na mpaka leo sehemu yangu moja inaona ni uonevu. Nilikuwa na chombo, na chombo kilimtoa. Bila chombo angebaki mwizi mpaka kufa kwake, na kicheko changu kisingemrudishia ufunguo. Nimebishana naye kichwani miaka yote hii, nikiwa nafunga vihisi kwenye matangi ya malori, ya viwanda, ya hospitali, na kila ninapokwenda kuna mlinzi au dereva amesimama pembeni ananitazama mikono, na mimi nimejifunza kumuuliza kwanza, hata kama najua jibu. Mkataba wangu ulipokwisha nilihama. Salome nayo ilitolewa majini, ikawekwa juu ya matofali watoto wa shule waje kuiona. Nilikutana na mzee Maganga mara kadhaa mjini, amezeeka, anatembea na fimbo. Aliniulizia kazi, aliniulizia watoto. Alivua kofia.

Msibani jana nilifika mapema nikakaa na majirani, si na watani. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuiteka nyumba. Mama mmoja wa Kiluguru alivaa koti la marehemu na kuchechemea na fimbo yake uani, akidai amefufuka kuja kumalizia chai. Wengine waliketi kwenye jeneza tupu wakisema Mnyamwezi huyu hazikwi, anarudi Tabora kwa miguu na mzigo kichwani. Wafiwa walicheka huku wakifuta macho. Mimi nilikuwa nainuka na kukaa, nainuka na kukaa, mpaka jirani akaniuliza kama naumwa. Nikaingia ndani. Mama Kulwa alikuwa ameketi kwenye godoro, amezungukwa na wanawake, macho yamevimba. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka kwangu Kihonda. Nilisimama katikati ya chumba, nikashika kiuno, nikasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Mimi sikuja kulia. Nimekuja kuchukua dizeli yetu. Mwizi wenu amekufa nayo tum—" na neno halikutoka. Nilijaribu tena, ikatoka kwikwi, kisha nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya wale wanawake wote, nimeshika kiuno vile vile.

Mama Kulwa alinitazama. Kisha nikaona mdomo wake unaanza kutetemeka, na sikujua ni kilio au ni nini, mpaka alipowageukia wenzake na kupaza sauti iliyokauka kwa siku mbili za kulia: "Jamani, tangu lini mtani akalia? Mtazameni! Kumcheka maiti kumemshinda! Mtoeni nje huyu Mluguru, anatuharibia msiba!" Kicheko kikalipuka, hata cha Kulwa aliyekuwa kajiinamia kwenye pembe. Wanawake wawili wakanishika mikono wakaniburuta kuelekea mlangoni, wakinitukana mimi, mlima wetu na ukoo wa mama yangu wote, nami nikawaachia waniburute.